Kengele Kwenye Pindo la Kanga

Mjukuu wangu Rehema alinipigia simu juzi kutoka Ikungi, anakofanya uuguzi. Baada ya shikamoo na kuniulizia magoti, akasema, "Bibi, kituo chetu kinawekewa kengele za wagonjwa za kutuitia. Sasa wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka za waya, wengine wanataka zisizo na waya. Wewe ulifanya kazi na zote. Tuchague ipi?"

Nikamwambia, "Hilo silijibu kwenye simu huku mlenda unaungua. Nitakuandikia."

Basi ndiyo haya. Rehema, wasomee na wenzako, hasa wale wapya wanaodhani kazi ya wodini ilianza siku waliyoingia wao.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne hapahapa Unyambwa, na mwandiko wangu mnaujua, unakwenda kama kuku aliyefungwa mguu. Lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali ya misheni, ile yenye kuta za mawe, tangu nywele zangu nyeusi mpaka zikawa hivi zilivyo. Kutandika, kufagia, kuogesha, kulisha uji, kumshika mtu mkono akichomwa sindano. Ndiyo kazi niliyoijua, na niliipenda.

Nilipoanza hakukuwa na kengele yoyote. Kila mgonjwa alikuja na kikombe chake cha bati na kijiko, na akitaka msaada anagonga. Wodi nzima inagonga kama mafundi bati wa sokoni. Mkuu wetu alikuwa Matroni Perpetua, mtu wa kule Kilimatinde, mrefu, mkimya, viatu vyake havitoi sauti. Huyo mama, akiwa chumba cha dawa na mlango umefungwa, alikuwa anasema, "Huyo ni Bi Salome anataka maji. Huyo Agnesi, ugomvi tu." Unakwenda, unakuta kweli.

Siku moja nilikuwa nakimbilia kikombe kilichokuwa kinapigwa kwa fujo dirishani. Akanishika bega. "Anayepiga hivyo ana nguvu. Hukusikia kile cha kona ya mlango? Kimegonga mara moja kikanyamaza. Nenda kwa huyo."

Nikaenda. Alikuwa mama amelegea kabisa, kijiko kimeanguka sakafuni. Tulimwahi. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza kinachonyamaza zaidi ya kinachopiga kelele, na mpaka leo wajukuu wakicheza uani huwa sishtuki na makelele. Nashtuka wakitulia.

Sasa niende kwenye kengele zenyewe. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Wafadhili walikubali kuiwekea wodi yetu kengele za kisasa, na hapo ndipo walipokutana watu wawili ambao nikiwakumbuka nacheka peke yangu.

Wa kwanza ni Fundi Idi, fundi umeme wetu. Mnyaturu wa Mgori, mfupi, kalamu sikioni, koleo mfuko wa nyuma hata siku ya Idi. Yeye alitaka waya. Wa pili ni Injinia Neema, binti wa Kisukuma, alitumwa na wale wafadhili. Alikuja na boksi dogo tu, ndani yake vitufe vyeupe vidogo kama sabuni za kugawa wageni, na saa za mkononi. Mgonjwa akibonyeza kitufe, saa ya mhudumu inatetemeka na kuonyesha namba ya kitanda. Hakuna waya popote.

Fundi Idi aliangalia lile boksi, akaangalia kuta zetu. "Binti, hivi ndivyo vitu gani? Kengele isiyo na waya ni kama ng'ombe asiye na kamba. Leo unaye, kesho yuko kwa jirani."

"Shikamoo, Fundi," Neema akasema, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba."

"Na wewe Fundi, kuta hizi za mawe utazitoboa kwa tindo mpaka lini? Wagonjwa watakula vumbi mpaka wapone kwa hasira."

"Nyie Wasukuma ni watani zetu, sikujibu."

"Umeshajibu."

Wodi ikacheka. Lakini Matroni Perpetua hakucheka. Alisema, "Kila mmoja aweke ya kwake nusu ya wodi. Tutazijaribu. Kisha tutachagua." Idi alipitisha waya zake juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba ya plastiki, na juu ya mlango akaweka taa nyekundu. Neema alimaliza upande wake kabla ya chai.

Kilichomfanya Matroni asicheke kilikuwa kitanda cha dirishani. Alilala pale Mwajuma binti Hamisi, msichana wa Mgori, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume mzima, lakini yeye alipoteza damu nyingi. Daktari alituambia waziwazi: damu ikianza tena, tuijue mapema, tukichelewa tutampoteza. Na Mwajuma alikuwa mtu asiyeita. Kikombe chake alikuja nacho, lakini sikuwahi kusikia kinagongwa. Ukimuuliza, "Unaendeleaje?" anasema, "Salama, mama." Midomo mikavu, "Salama, mama." Kwa hiyo tulipokuwa tunabishana waya na hewa, kwa Matroni swali lilikuwa moja tu. Ipi itamfanya yule binti aite?

Asubuhi iliyofuata akawaita mafundi wote wawili. "Fundi Idi, vua viatu, panda kitandani."

"Mimi?"

"Mtu anayechagua godoro hulilalia kwanza."

Idi akapanda, soksi yake imetoboka kidole, wanawake wote wameinuka kwenye mito kutazama. Matroni akamfunga mkono wa kushoto kwenye kibao kwa bandeji, kama mtu aliyewekewa dripu, akamfunika shuka, akasema, "Umepasuliwa tumbo. Huwezi kujikunja. Haya, niite."

Kitufe cha Idi kilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa, upande uleule wa mkono uliofungwa. Maskini Fundi alijinyonga pale kama mjusi aliyebanwa na dirisha. Akajaribu kwa mkono wa kulia juu ya kichwa, akagusa pazia. Bi Salome, aliyekuwa amerudi tena kwa ajili ya kisukari chake, akapiga makofi. "Mgonjwa huyu tutamzika na kalamu yake!"

"Zamu yako," Matroni akamwambia Neema.

Neema akalala kwa madaha. Kitufe chake kilikuwa juu ya kabati dogo la pembeni, karibu kabisa na mkono. Matroni akanikonyeza. Nikaja na sinia ya uji kama ninavyokuja kila siku, nikaiweka juu ya lile kabati. Kitufe kikasukumwa, kikaanguka, kikaingia chini ya kitanda cha jirani.

"Niite," Matroni akasema.

Neema akatazama sakafuni, akatazama dari. Idi, bado amefungwa kibao, akapaza sauti kutoka kitanda cha pili: "Cha kwangu kina mkia wa waya! Hakiwezi kupotea!"

Nawaambia wajukuu zangu, nimeona wakubwa wengi wakikosolewa mbele za watu. Wengi hununa. Wale wawili walicheka mpaka machozi, halafu palepale, bado wamelala kila mtu kitandani kwake, wakaanza kuulizana. Idi akasema, "Nikikitoa ukutani nikakiweka kwenye waya mrefu, kimlalie mgonjwa kifuani?" Neema akasema, "Na changu nikikitafutia mahali pa kukishikiza?" Ni Bi Salome aliyemjibu. "Mwanangu, mwanamke anaweka wapi kitu asichotaka kipotee? Si kwenye pindo la kanga?"

Ikawa hivyo. Waya mrefu wa Idi tukaupitisha chini ya mto ukatokezea mkono wa upande wowote. Vitufe vya Neema tukavifunga kwenye pindo la kanga, fundo moja, kitufe ndani. Mwajuma alikuwa upande wa Neema. Nikamfungia mwenyewe, nikamwonyesha jinsi ya kubonyeza juu ya kitambaa. Saa yangu ikatetemeka. Akashangaa, akatabasamu. Kisha siku nzima hakubonyeza.

Jioni nilipokuwa namwogesha nikamuuliza, "Mwajuma, kitufe kibovu?"

"Hapana, mama."

"Mbona hukuniita? Shuka imelowa maziwa, maji yamekwisha."

Akakunja kona ya kanga. Akasema taratibu, "Mama, wewe nakuamkia shikamoo. Nitakubonyezeaje kengele, uje mbio kama mtumishi? Mtu mkubwa haitwi kwa kengele."

Hapo nilielewa kuwa waya na hewa havikuwa shida yake. Binti amelelewa kwetu huku. Mtu anayemwamkia hawezi kumwagiza, sembuse kumwita kwa mlio. Ningemwambia "usiogope" ingekuwa kazi bure, maana hakuwa na woga. Alikuwa na adabu.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na kina Mwajuma ni wafugaji. Nikamuuliza, "Kwenu ng'ombe wa mbele mmemvalisha kengele?"

"Ndiyo. Baba mkwe anayo, ya chuma."

"Ng'ombe akiwa porini kengele ikilia, anakuwa amemwagiza baba mkwe wako?"

Akacheka, akashika mshono. "Hapana, mama!"

"Anafanya nini?"

"Inasema tu yuko wapi."

"Haya. Hicho kitufe hakiniiti. Kinasema tu uko wapi na uko vipi. Kuja au kutokuja ni shauri langu, mimi mwenye miguu."

Nikamaliza kumwogesha, nikadhani yameishia hapo. Lakini nilipofika mlangoni na beseni langu, saa ikatetemeka mkononi. Nikageuka. Amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Siku ya tatu au ya nne hivi, saa za kuona wagonjwa, watu walijaa kama mnadani. Watoto, vikapu, chupa za chai, kila mtu anasimulia. Kwa Mwajuma alikuja baba mkwe wake, Mzee Jumanne, na fimbo yake, amevaa koti zito na jua lote lile. Akakaa kwenye benchi kwa heshima, mbali kidogo na kitanda, uso ameuelekeza dirishani, kama inavyopasa mkwe. Anamuuliza habari za mjukuu, Mwajuma anajibu kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa mwisho wa wodi napanga shuka. Saa ikatetemeka. Kitanda cha dirishani.

Nikatazama. Mwajuma amelala vilevile, ametulia, kanga mpaka kifuani. Mzee anaongea habari za mvua. Yeyote angesema hakuna kitu. Lakini nikakumbuka mkono wa Matroni begani mwangu, nikaziacha shuka zikaanguka.

Nilipomkaribia nikaona paji la uso lina jasho na midomo imepauka. Macho yake yakaniangalia, yakaenda kwa mzee, yakarudi kwangu. Nikaelewa. Damu imeanza, na aliyekaa pale ni baba mkwe. Binti wa kwetu atatamka vipi neno hilo mbele yake? Kwa kikombe asingegonga. Angegeuka kutafuta waya, mzee angeuliza, "Una nini?" Lakini kidole kilikuwa ndani ya pindo la kanga, na mzee hakuona chochote.

Nikasema, "Mzee Jumanne, shikamoo. Nisaidie kidogo, kuna benchi pale nje limenishinda."

"Marahaba. Twende," akainuka na fimbo yake. Nikamtoa mpaka barazani, nikamwonyesha benchi, na niliporudi Matroni alikuwa ameshafika, maana na yeye alivaa saa. Alifunua kanga, akafunika, akaniambia neno moja: "Daktari." Nikakimbia. Magoti yale yalikuwa bado mazuri.

Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Mzee Jumanne alikaa kwenye lile benchi barazani, fimbo kati ya miguu. Nilipotoka kumwambia kuwa damu imesimama na binti anapumua vizuri, alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Alikuita saa ngapi?" akauliza. "Mimi nilikuwepo pale. Sikusikia."

"Hakuniita, mzee," nikamjibu. "Alisema tu yuko wapi."

Sasa mtadhani basi, zisizo na waya zilishinda, tukachagua, yakaisha. Ngojeni.

Wiki iliyofuata Mwajuma aliruhusiwa, akaenda zake Mgori. Jioni nikatandika kitanda chake, natafuta kitufe, hakuna. Chini ya kitanda hakuna. Kabatini hakuna. Neema akaja na kompyuta yake, akasema, "Hakionekani popote." Nikakaa chini kucheka. Kitufe kimekwenda Mgori kwenye pindo la kanga! Nani anafungua pindo lake akitoka hospitali? Na hakikuwa hicho tu. Kimoja kilikwenda Manyoni, kingine tulikidaka getini kwa Agnesi, yule wa ugomvi, naye alikuwa amelazwa tena.

Fundi Idi hakusema "si nilisema." Alikuja na waya laini, akatengeneza vitanzi vidogo vya kufungia vitufe kwenye reli ya kitanda, virefu vya kutosha kufika kwenye kanga. "Mkia," alimwambia Neema. Neema akavifunga vyote kwa mikono yake.

Na Neema huyo, msidhani alikuwa wa boksi na saa tu. Nilimwona anatambaa kwenye sakafu ya bafu letu na saa mkononi, anatafuta inapokufa. Ilikufa. Mawe yale mazito hayakupitisha kitu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alitoka pale magoti yamelowa, akaenda moja kwa moja kwa Idi. "Fundi, bafuni yangu haifiki. Weka yako." Idi akatoboa ule ukuta kwa tindo, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaning'iniza kamba ya kuvuta inayofika karibu na sakafu, maana anayeanguka bafuni yuko chini, hayuko juu.

Idi naye alimwomba jambo. Saa ya Neema uliweza kuizima ukiwa umesimama popote. Ile taa nyekundu ya Idi ilizimwa kitandani kwa mgonjwa tu, lazima ufike. "Hebu yako nayo ikatae kuzimwa mpaka mtu afike," akasema. Neema akaibadilisha. Nami Neema alinifundisha kazi yangu: kila Jumatatu nikitandika, nibonyeze kila kitufe nisikie saa, maana betri ya kitufe, ndogo kama kifungo cha koti, hufa bila kuaga. Waya ukikatika taa ya Idi inakuonyesha. Betri haikuonyeshi. Na umeme wetu wa Singida mnaujua, kwa hiyo taa ya Idi ikafungiwa betri kubwa ya sola.

Basi tukaishia na zote mbili. Vitandani za Neema zenye mkia wa Idi, bafuni na chooni ya Idi. Matroni Perpetua aliwaangalia wale wawili siku ya mwisho wakikunja nyaya zilizobaki, akaniambia, "Ningepata watoto wangu wangekuwa hawa." Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nililitunza.

Rehema, hili ndilo jibu langu. Kama kuta zenu ni za matofali ya kawaida na mnahamisha vitanda, chukueni zisizo na waya, lakini awepo mtu mmoja, jina lake linajulikana, wa kuzibonyeza zote kila wiki. Bafuni wekeni waya na kamba. Kabla ya yote, huyo anayebishana sana kati yenu, avue viatu alale kitandani, mumfunge mkono. Na mgonjwa mpya akifika, msimwonyeshe kitufe tu. Kaeni naye kitandani, mmuulize kwao wanafuga nini.

Kitufe cha Mwajuma kilirudi. Alikuja kliniki na mtoto mgongoni, mnene kama kibuyu, na jogoo chini ya kwapa kwa ajili ya Matroni. Akanipigia shikamoo, akafungua pindo la kanga, akakitoa. Kimefubaa kwa jasho na moshi wa jikoni.

"Nisamehe, mama. Nilikigundua nikiwa nimeshafika."

"Umekaa nacho siku zote hizi kwenye pindo?"

Akainamisha uso. "Mtoto alipata homa, mume wangu yuko machungani. Nikakibonyeza."

"Mwanangu, kutoka Mgori? Tungesikiaje?"

"Nilijua hamsikii," Mwajuma akasema. "Nilikuwa nasema tu niko wapi. Halafu nikapata nguvu, nikambeba mtoto, nikatembea mpaka zahanati."

Nilikichukua, nikabadilisha betri, nikakifunga kwenye mkia wake pale kitanda cha dirishani. Kisha nikakibonyeza mara moja, kama ilivyokuwa kazi yangu. Mwisho wa wodi, Matroni Perpetua akainua kichwa, akaanza kuja.